Pua ya Ndama wa Hassan

Watu wa Kakamega wananijua kama Dinah wa Picha, na wengi wanadhani mimi ni mtu mpole kwa sababu kazi yangu ni kuwaambia watu watabasamu. Waache wadhani. Mimi nilimchukia mtu mmoja kwa miaka mitano mizima, kila siku ya Mungu, hata Jumapili nikiwa kanisani na kitabu cha nyimbo mkononi, na siombi radhi kwa hilo. Mtu huyo aliitwa Shikanga, mfugaji wa Khayega, na alikuwa rafiki wa baba yangu.

Baba aliitwa Makhanu, na kwetu ni Navakholo. Mwaka wa sabini na sita matrekta ya kampuni ya sukari yalikuja kulima mashamba yetu, na kila mtu akashikwa na wazimu wa miwa. Watu walipanda miwa mpaka mlangoni. Baba alipanda mpaka nyuma ya choo. Mwisho wa msimu ule ukitoka nyumbani huoni jirani, huoni njia, unaona majani tu, na ng'ombe hawana hata mahali pa kusimama. Baba akauza ng'ombe wote isipokuwa ndama dume mmoja mweusi ambaye bibi yake alikuja kwetu kwa mahari ya shangazi. Huyo hakuuzika. Akaamua kumpeleka kwa Shikanga akafugwe huko, kwa sababu Khayega miwa ilikuwa haijafika sana na nyasi zilikuwepo.

Kwetu hilo si jambo geni. Unamkabidhi rafiki mnyama wako, yeye anakunywa maziwa kama ni jike, analimia kama ni dume, na siku ukimtaka anakurudishia. Mnyama akifa, rafiki anakuletea ngozi, na wewe unaitazama unaijua, mambo yanaisha. Hakuna karatasi. Kuandikishana ng'ombe ni kumwambia rafiki yako usoni kwamba unamwona mwizi, na baba angekubali kunyongwa kuliko kumwambia Shikanga neno kama hilo. Walikuwa wamechimba dhahabu pamoja ujanani, shimo moja, taa moja.

Mimi sikuchimba dhahabu na mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeajiriwa na Lazarus aliyekuwa na studio karibu na soko la Kakamega, na wiki moja kabla ya ndama kuondoka afisa mmoja wa mifugo alikuja kupigwa picha ya pasipoti akatuambia kwamba pua ya ng'ombe ni kama kidole cha mtu. Ile mistari na vijipele vya puani, alisema, havifanani kwa ng'ombe wawili, na havibadiliki tangu ndama mpaka uzee. Nikaazima kamera ya Lazarus, nikaenda nyumbani siku ya kumkabidhi ndama, nikasema nataka picha ya ukumbusho. Wazee walikuwa wakinywa chai. Mimi nikapiga magoti mbele ya ndama haraka haraka, kabla baba hajashtukia ninachofanya, nikampiga picha ya pua.

Sasa lazima nieleze kamera ile, maana ndiyo iliyotuponza. Ilikuwa kamera ya dirisha. Juu kwenye kona ina kidirisha kidogo ambacho unachungulia, na ndani yake unaona vivuli viwili vya kitu kimoja. Unazungusha lenzi mpaka vivuli viwe kimoja, na hapo unajua picha itatoka safi. Lazarus aliipenda kuliko mkewe. Ni nyepesi, haina kelele, kanisani inabofya bibi harusi akilia na hakuna anayegeuka. Sikatai, kwa harusi ilikuwa kamera nzuri sana. Lakini jicho lako linapita dirishani na picha inapita kwenye lenzi, na hivyo ni vitu viwili, kimoja juu, kingine chini. Ukiwa mbali na watu hatua tano, tofauti haionekani. Ukisogea karibu kiasi cha kunusa kitu, dirisha linaona lake na lenzi inaona lake. Isitoshe, chini ya mita moja vile vivuli vinakataa kukutana kabisa.

Mimi dirishani niliona pua ya ndama, nzima, katikati. Filamu iliposafishwa tulikuta midomo, kidevu, kamba, na kipande cha chini cha pua chenye ukungu. Lazarus alicheka akasema kwamba ukikaribia kitu na kamera hii, inua mikono kidogo kisha umwombe Mungu. Ndama alikuwa ameshafika Khayega. Ningeenda kule na kumwambia mzee Shikanga nini? Niliiweka picha ile kwenye bahasha, nikanyamaza.

Miaka mitatu ikapita. Mwaka wa sabini na tisa Shikanga alimtuma mtu na ngozi nyeusi, na salamu za pole: ndama amekufa kwa homa ya kupe. Baba aliitandaza ile ngozi uani, akaizunguka mara mbili, akasema hii si yake. Wakati huohuo huko Shinyalu kote watu walikuwa wakiimba dume jipya la Shikanga, jeusi, lililokuwa likiyapiga madume ya wenzake asubuhi za mapigano ya mafahali mpaka yanakimbilia mtoni. Walilipa jina la Tingatinga, kwa ajili ya matrekta ya miwa. Baba alienda kulitazama, akarudi na uso wa mtu aliyemwona mtoto wake akiitwa kwa jina la ukoo mwingine.

Kesi ilisikilizwa kwa liguru, mzee wa kijiji cha Shikanga. Baba alisema yake, Shikanga akasema amemnunua Tingatinga sokoni. Ndipo nikatoa picha yangu. Ilipita mkono kwa mkono, wazee wakaigeuza juu chini, na ilipomfikia Shikanga aliitazama kwa muda kisha akawaonyesha watu.

"Hii ni mdomo tu," alisema. "Kila ng'ombe ako na mdomo."

Kiwanja kizima kilicheka. Hata liguru alicheka. Wakaamua kwamba mzee Makhanu amemsingizia rafiki yake kwa tamaa ya dume linaloshinda, na kwamba aombe msamaha pale pale. Baba aliomba. Nilimwona akivua kofia, akainama mbele ya yule mwizi, na mimi nimeshika ile picha ya mdomo mkononi.

Tangu siku hiyo baba akienda sokoni watu walimuuliza kama amekuja na picha. Akaacha kwenda sokoni. Mwaka uliofuata aliugua kifua na hakutaka kupelekwa hospitali, na siku moja mchana nikimpa uji aliniambia, "Dinah, mimi sikusema uongo." Nikamwambia najua. Akasema mimi kujua hakumsaidii, kwa sababu mimi ni mtoto wake. Alikufa wiki hiyo.

Na kwenye mazishi, mnajua nani alikuja? Mzee wa heshima akifa, ng'ombe huletwa kukanyaga uwanja wake, wamevishwa majani, na ngoma za isukuti zinapigwa. Shikanga alimleta Tingatinga. Alitembea naye kutoka Khayega mpaka Navakholo, amemfunga majani kwenye pembe, anaimba jina la baba yangu. Watu walipiga makofi, wakasema huyo ndiye rafiki, ametukanwa na bado amekuja. Dume la baba yangu lilikanyaga kaburi la baba yangu likiongozwa na aliyeliiba, na mama yangu Rosebella ilibidi awapikie watu wake obusuma na ingokho, ugali na kuku wa wageni wa heshima. Mimi nilimwekea Shikanga maji ya kunawa. Nilimmwagia maji mikononi taratibu, na kila tone lilikuwa laana.

Hapo ndipo nilipojua ninachotaka. Nilitaka wazee wale wale, kwenye kiwanja kile kile, waseme kwamba Makhanu hakuwa mwongo. Na nilitaka Shikanga akose mahali pa kuweka macho yake.

Nilimwacha Lazarus nikapata kazi katika kiwanda cha sukari. Wakati ule viwanda viliajiri watu kama vile mvua haitaisha. Nilipiga picha za vitambulisho vya wafanyakazi, na bwana shamba alipogundua kwamba mikono yangu haitetemeki akanipa kazi ya magonjwa: funza ndani ya muwa, mayai ya wadudu chini ya jani, na ule ugonjwa unaotoa kitu kirefu cheusi kama mjeledi kwenye ncha ya muwa. Hapo ndipo nilipokutana na kamera ya kioo.

Kamera ya kioo haina dirisha la pembeni. Ndani yake kuna kioo kimelala mshazari nyuma ya lenzi, na unachokiona ni kile kile lenzi inachokiona, kipande kwa kipande. Ukibofya, kioo kinaruka juu, filamu inapata mwanga, kioo kinarudi. Unaweza kuweka pete kati ya lenzi na kamera ukasogea mpaka funza akajaa picha nzima, na ukimwona mzima utampata mzima. Mara ya kwanza nilipochungulia yai la mdudu kwa kamera ile nililia. Bwana shamba alidhani ni furaha ya kazi.

Ina taabu zake, nisije nikasema uongo mahali pasipohitaji. Ni nzito. Kioo kinapiga kelele, na mnyama akisikia anaruka. Na ukiwa karibu hivyo, ukali wa picha ni mwembamba kama karatasi: ncha ya pua ikiwa safi, tundu la pua limeshaingia ukungu. Inabidi ubane tundu la lenzi mpaka mwisho, na ukilibana unahitaji jua la saa sita, na mnyama asipumue. Lazarus alinicheka kila tulipokutana, akisema nimebeba tofali. Mimi nilimwambia yeye apige maharusi yake. Mhandisi mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake kiwandani alinuia kuuza vitu vyake, nami nikanunua kamera yake ya kioo na pete zake zote tatu. Kitanda changu kilikuwa na godoro la majani wakati huo, na sikujali.

Kisha nikamtafuta mtu wa kuweka mtegoni kama chambo. Hassan alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Mumias, mtu wa maneno machache na kofia safi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapiga picha watoto wake kila Idi. Alikuwa na ndama wawili wekundu, madume, wa zizi moja, na kwao Mumias miwa ilikuwa imekula malisho yote kama kwetu. Nilimwambia Shikanga wa Khayega ni mfugaji hodari, jambo ambalo ni kweli. Sikumwambia lingine, naye akaamua kumpelekea ndama mmoja. Nikamshauri nimpige ndama picha ya pua kabla hajaenda, akakubali bila shida, kwa sababu watu wa biashara wamezoea vibali na mihuri.

Ilikuwa mwaka wa themanini na moja, saa sita mchana, jua limesimama. Nilianza na yule ndama mwingine, wa kuuzwa Butere, ili nipime mwanga na kumzoesha mkono wangu. Aliruka mara mbili kioo kilipopiga, ya tatu akatulia. Halafu nikampiga yule wa Khayega. Picha zote mbili zilitoka kiasi kwamba ungehesabu vijipele. Yule wa kwanza alikuwa na mfereji unaogawanyika mara mbili juu ya tundu la kushoto. Wa pili hakuwa nao.

Basi nikangoja. Wanasema subira huvuta heri, lakini mimi sikuwa nangoja heri. Nilingoja Shikanga aibe. Nilijua ataiba, kwa sababu mkono uliokula bila kukamatwa hurudi sahanini. Nilikuwa nikipita Khayega siku za soko nikiuliza habari za ng'ombe wake, na nikisikia dume jekundu limeanza kupigana vizuri nilirudi nyumbani nikiimba. Niliomba. Mwanamke mzima, nimebatizwa, nilipiga magoti nikamwomba Mungu amjaribu mtu na mtu aanguke.

Mwaka wa themanini na nne Hassan alitaka dume lake. Alituma ujumbe, na jibu alilopata akaja kuniambia mwenyewe dukani, maana wakati huo nilikuwa nimeacha kiwanda na kufungua studio yangu. Shikanga alisema Hassan aje Jumatano. Atamkabidhi dume mbele ya liguru na wazee wote, kwa sababu miaka ya nyuma alisemwa vibaya juu ya ng'ombe wa mtu na hataki kusemwa tena. Na kwa kuwa amesikia kuna picha ya pua, mwenye picha aje nayo, watu waone. Hassan alifurahi sana. Alisema kweli nilimpatia mtu mwaminifu.

Mimi nilihisi nimeibiwa mara ya pili. Yule mzee alikuwa anakwenda kusafishwa mbele ya watu kwa kutumia kamera yangu. Atarudisha dume la Hassan, watu watapiga makofi, na kila atakayemkumbuka Makhanu atasema, mnaona, huyu hawezi kula ng'ombe wa mtu. Picha niliyoipiga kwa ajili ya baba ndiyo ingemzika baba tena.

Jumanne mchana nilifunga mlango wa studio, nikaingia chumba cha giza, nikasafisha picha mbili badala ya moja. Nilizitundika kwa vibanio zikauke. Nilijiambia kwamba nabeba zote mbili kwa tahadhari tu. Mtu anayejidanganya hahitaji kamera.

Jumatano kiwanja kilijaa. Shikanga alikuwa amezeeka, mguu mmoja unaburuta, amevaa koti la kanisani. Aliponiona alisimama, akanijia yeye mwenyewe na mkono mbele.

"Mulembe, mwana wa Makhanu," alisema. "Nimefurahi ni wewe umekuja. Ni vizuri uone na macho yako."

Nikamwitikia mulembe. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Vijana walileta dume jekundu, lililonona, limeoshwa, linang'aa, na liguru akataka picha. Nilifungua mkoba. Bahasha zilikuwa mbili, na nilizijua kwa vidole bila kutazama. Nilitoa ya ndama wa Butere.

Niliwapa na lenzi ya kukuzia. Wakalishika dume pembe, wakalipangusa pua kwa kitambaa, na liguru akainama, akatazama pua, akatazama picha, akatazama pua. Akamwita mzee mwingine. Nikawaonyesha kwa kalamu ule mfereji unaogawanyika kwenye picha juu ya tundu la kushoto, nikawaomba wanionyeshe mfereji huo kwenye dume. Niliongea kwa adabu sana. Wazee watano waliinama mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeuona, kwa sababu haukuwepo.

Hassan aliichukua picha kutoka kwa liguru, akaitazama, kisha akamtazama Shikanga kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama mtu. Alimuuliza ng'ombe wake yuko wapi.

Shikanga alisema huyu ndiye. Akasema tena. Akamtaja mtu aliyempokea, siku, mvua iliyonyesha siku hiyo. Watu wakaanza kunong'ona jina la baba yangu. Nililisikia upande wa kushoto, kisha nyuma, likizunguka kiwanja lenyewe, na nikafurahi. Yeyote anayesema kisasi hakina ladha hajakipika kwa miaka mitano.

Shikanga naye alilisikia. Alinitazama, na nadhani wakati huo alijua. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alivua kofia.

"Wazee, nitasema yote ndio muniamini," alisema. "Ng'ombe ya Makhanu nilikula mimi. Tingatinga ni ya Makhanu. Ngozi nilipeleka ilikuwa ya ng'ombe ingine. Nilitaka kumrudishia nikaonanga haya, mpaka akakufa. Hata ile siku ya matanga nilipeleka hiyo dume nikifikiri nitaiacha huko, nikashindwa kusema. Hiyo dhambi ni yangu. Lakini hii ya Hassan sijagusa. Naapa kwa watoto wangu, hii ni yeye."

Nilikuwa nimepata kila kitu. Wazee wale wale, kiwanja kile kile, na maneno yametoka kinywani mwake bila mtu kumpiga. Baba hakuwa mwongo. Nilichotakiwa kufanya ni kuingiza mkono mkobani, nitoe bahasha ya pili, niseme samahani, nimechanganya picha. Kosa la kawaida. Hakuna ambaye angenilaumu, na Shikanga angekwenda nyumbani akiwa mwizi wa ng'ombe mmoja, ambaye ndiye aliyemwiba kweli.

Mkono wangu ulikuwa juu ya mkoba. Nikamkumbuka baba akivua kofia. Nikakumbuka maji ya kunawa. Nikaubana ule mkoba chini ya kwapa.

Liguru aliuliza kiwanja, aliyekula mmoja akanyamaza miaka mitano atashindwaje na wa pili? Waliamua Tingatinga aende Navakholo siku hiyo hiyo, Hassan achague mitamba miwili katika zizi la Shikanga, na lile dume jekundu libaki lilipo, kwa kuwa si la mtu anayedai. Wazee walinishika mkono mmoja mmoja. Liguru aliniambia kwamba waliicheka picha yangu ya kwanza, na kwamba wanaomba msamaha kwa marehemu. Nikawaambia marehemu amesikia.

Kabla ya mwisho wa mwezi kila aliyekuwa na ng'ombe kwa Shikanga alikuja kumchukua. Zizi lake lilibaki na lile dume jekundu peke yake, na hata kwenye mapigano ya asubuhi watu walikataa kulipangia mpinzani. Wake za watoto wake walikuwa wakichota maji mto wa mbali, kukwepa maneno ya watu. Na watu wakaanza kuja studio kwangu kutoka Khayega, Navakholo, mpaka Butere, wakivuta ndama kwa kamba, nipige pua kabla hawajawakabidhi rafiki zao. Hawakuona aibu tena kufanya hivyo. Nilipata kazi nyingi kuliko za maharusi, na Lazarus naye alikuja kwa upole kuniuliza kamera za kioo zinapatikana wapi.

Nyumbani Tingatinga alifungwa kati ya mistari ya miwa, maana nafasi nyingine haikuwepo. Mama alimzunguka kama baba alivyoizunguka ile ngozi. Aliniuliza kama Shikanga alikiri mwenyewe. Nikasema ndiyo, mwenyewe. Akauliza na la Hassan je, alikiri? Nikamwambia hilo alilikana mpaka mwisho. Mama alisema ni ajabu mtu kukiri dhambi ya zamani na kukana ya jana, kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Hassan alikuja baada ya kama wiki sita. Nilikuwa peke yangu dukani, saa nne asubuhi. Alitoa salamu, nikampa kiti na chai, akaulizia afya ya mama. Mitamba yake ilikuwa mizima. Alizungumza juu ya mvua, juu ya kiwanda kuchelewa kuvuna miwa ya ndugu yake, kisha akaweka kikombe chini.

Alisema siku ile Khayega, watu walipokuwa wakitawanyika, alikwenda nyuma ya zizi kulitazama lile dume. Mama wa ndama wake alikufa akizaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemlea kwa chupa ya maziwa, na alikuwa na mluzi wa kumwita. Hakukusudia jambo lolote. Alipiga mluzi tu, kama mtu anavyopiga mluzi akiwa na huzuni. Dume likaacha nyasi, likaja mpaka kwenye ua, likatia kichwa kwapani mwake.

"Nimekaa na hilo neno wiki sita," alisema. "Nimeona nikuulize wewe, kwa sababu wewe ndiye fundi. Hiyo kamera yako, Dinah, inaweza kukosea?"

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, na Hassan ni mtu wa kuificha siri ya mtu. Badala yake niliishusha kamera kutoka kwenye msumari, nikamwekea mikononi, nikamfundisha kuchungulia. Nikamweleza kwamba zipo kamera za dirisha ambazo kwa karibu zinakuonyesha hiki na kupiga kile, na hizo ndizo zilizomponza baba yangu. Hii ni ya kioo. Anachokiona ndicho kitakachotoka, hakipungui wala hakiongezeki. Hassan aliielekeza kwenye mkono wake mwenyewe, akazungusha lenzi mpaka nadhani aliona mistari ya kiganja.

"Kwa hiyo haikosei," alisema.

"Haikosei," nikamwambia.

Alinirudishia kamera kwa mikono miwili. Alikaa kidogo akitazama mlangoni, ambako trela la miwa lilikuwa linapita na kudondosha vipande barabarani.

"Basi ni ng'ombe amekosea," alisema.

Akamaliza chai yake, akashukuru, akavaa kofia. Idi ilifika mwezi uliofuata, na watoto wake hawakuja kupigwa picha.